Ulemavu Unavuka Mpaka, Malipo Yanabaki Uwanja wa Ndege

Mjomba wangu anahesabu wiki. Kalenda ya duka la pembejeo imetundikwa sebuleni kwa mama yangu hapa Simbo, na kila Jumamosi jioni mjomba huomba asogezewe kiti mwendo chake hadi ukutani. Kisha, kwa mkono wa kulia, ambao ndio uliobaki na nguvu, huchora mstari mmoja wa penseli. Jumamosi iliyopita alichora wa 11. Wa 13 hatauchora hapa, kwa sababu kabla ya wiki hiyo kwisha ni lazima awe amekanyaga ardhi ya Uingereza. Nasema amekanyaga kwa mazoea ya lugha tu, maana mguu wake wa kushoto haukanyagi kitu tangu kiharusi kilipompata miaka 9 iliyopita.

Aliondoka Kigoma mwaka 1998 akiwa kijana mwenye cheti cha ufundi na anwani moja ya rafiki. Kwa miaka karibu 18 alipakia na kupakua mizigo usiku katika maghala ya Leicester, na kila mshahara ulikatwa kodi na mchango wa bima ya taifa kabla haujamfikia mkononi. Hakuwahi kuomba uraia wa huko. Alijua kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, naye hakutaka siku moja aingie nchini mwake kwa viza. Basi alibaki na pasi ya Tanzania na kibali cha ukaazi wa kudumu, na kibali hicho nacho hufa mwenye nacho akikaa nje ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 2 mfululizo.

Baada ya kiharusi alianza kupokea malipo ya ulemavu yanayojulikana huko kwa kifupisho cha PIP. Malipo hayo yalianzishwa mwaka 2013, na hayaangalii kama mtu ana kazi au hana, wala ana akiba kiasi gani. Yanaangalia jambo moja: je, mwili wake unamgharimu zaidi kuliko unavyomgharimu mtu mwingine kupika, kuoga, kuvaa, kutembea? Jibu la mjomba ni ndiyo, tena linaonekana kwa macho. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba akikaa nje ya nchi zaidi ya wiki 13, malipo yanakoma. Akiwa amekwenda nje kwa ajili ya matibabu, huongezewa hadi wiki 26. Baada ya hapo, kwa macho ya sheria, gharama ya ulemavu wake inahesabiwa kama haipo.

Hapo ndipo ninapoanza ugomvi wangu. Kiharusi hakikukaguliwa mpakani kikaambiwa kisubiri. Kilipanda ndege pamoja na mjomba, kikashuka naye Dar es Salaam, kikaja naye Kigoma, na asubuhi ya leo kilikuwa naye wakati mama yangu, mwenye miaka 68, alipomwinua kitandani akisaidiwa na kijana tunayemlipa kwa mwezi. Malipo pekee ndiyo yenye tabia ya kubaki nyuma.

Nina wanafunzi wanaonijibu kwa haraka katika hoja hii, nami nawapenda kwa hilo. Watasema: Mwalimu, fedha hizo ni kodi ya Waingereza, zimekusudiwa kufidia gharama za maisha ya Uingereza. Mtu akihamia mahali ambapo ndizi na mawese ni bei ya chini, anataka kulipwa nini tena? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Mimi mwenyewe niliibeba kwa muda, mpaka nilipoanza kuweka risiti za mjomba katika bahasha moja.

Ndizi ni rahisi Simbo, nakubali. Ila ulemavu hauli ndizi. Kiti mwendo kilichotengenezwa kwa sakafu laini hakidumu katika mchanga na mawe yetu. Matairi ya mbele tumeyabadilisha, na yaliyopatikana si ya kiti hicho. Nepi za watu wazima hazitengenezwi kando ya Mto Luiche. Zinatoka mbali, na kila aliyezigusa njiani ameongeza chake. Mazoezi tiba ni mjini Kigoma, na kwenda huko na kurudi ni kukodi bajaji nzima, kwa sababu daladala haimsubiri mtu ashushwe na kupandishwa. Dawa za presha ni kila siku. Kijana wa kumwinua ni kila mwezi. Choo chetu cha kuchuchumaa ilibidi kivunjwe na kujengwa upya. Anayedhani kwamba ni nafuu kuwa mlemavu katika nchi maskini hajamsukuma mtu kwenye barabara ya Simbo wakati wa masika.

Na hata kama jumla ya gharama ingekuwa ndogo, hoja hiyo ingefika wapi? Ingefika kwenye kulipa pungufu. Haiwezi kufika kwenye kutolipa kabisa. Mjomba amewahi kuniambia kwamba angeridhika na nusu. Hakuna fomu ya kuombea nusu.

Tena tutazame mizania yote, maana wahasibu wa serikali hupenda kuonyesha upande mmoja. Mjomba akiwa Leicester anakaa chumba cha chini nyumbani kwa binti yake, ambaye huondoka alfajiri kwenda kazini. Wahudumu hupelekwa kwake asubuhi na jioni kwa gharama ya umma. Hospitali ni ya umma, na gari la kumpeleka hospitali vilevile. Akiwa Simbo, anayemwosha ni familia, anayempikia ni dada yake, na wajukuu wa jirani hugombania nani amsukume hadi msikitini. Serikali ile ingeokoa fedha kwa kumwacha aende na malipo yake. Inachagua kumlipia zaidi akiwa mpweke kuliko kumlipa kidogo akiwa kwao.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba hayo yote yanajulikana kuwa yanawezekana. Tarehe 18 Oktoba 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba sehemu ya malipo ya ulemavu inayohusu matunzo, katika mfumo uliotangulia PIP, ni mafao ya ugonjwa, na kwa hiyo anayestahili hawezi kunyimwa kwa sababu tu amehamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Waingereza waliohamia pwani ya Hispania kufuata jua wakaanza kulipwa huko. Hata baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja huo, waliokuwa wamekwisha kuhama walilindwa na mkataba wa kujitoa. Benki zilipeleka fedha, madaktari walijaza fomu, bajeti haikuanguka. Kumbe fedha hizo zina miguu, ila hutembea palipoandikwa mkataba. Na mjomba amejaliwa kuzaliwa kwenye ziwa lisilo na mkataba.

Wala Uingereza haiko peke yake. Australia humruhusu anayepokea pensheni ya ulemavu kukaa nje siku 28 tu katika miezi 12, isipokuwa yule ambaye ulemavu wake ni mzito kiasi cha kutotarajiwa kufanya kazi tena, au anayekabiliwa na ugonjwa wa kumpeleka kaburini. Huyo aweza kuruhusiwa kwenda na pensheni yake bila kikomo. Marekani ina mifuko miwili: mwenye bima ya ulemavu aliyoichangia kazini, akiwa raia, huweza kulipwa karibu popote, lakini ruzuku ya walemavu maskini husimamishwa mara mtu anapokaa nje siku 30 mfululizo. Hili linatuhusu sisi wa Kigoma kuliko tunavyodhani. Warundi wa mwaka 1972 na Wakongo wa Nyarugusu waliopelekwa Marekani walikwenda na wazee na vilema wao, na wengi bado wana ndugu Kasulu, Uvira na Bujumbura. Mama mwenye mtoto aliyepooza huko Marekani, akitaka kuja kumzika mzazi wake na kukaa matanga hadi mwisho, anahesabu siku kama mjomba anavyohesabu wiki.

Tazama jinsi sheria hizo zinavyochagua. Anayepata ajali kazini Uingereza hulipwa fidia ya ulemavu hata akihamia ng'ambo. Aliyestaafu kwa umri hulipwa pensheni yake popote. Pensheni ndogo ya mwajiri wa zamani wa mjomba huingia kila mwezi, awe Leicester au Simbo, bila kumuuliza amelala wapi. Anayefungiwa ni yule ambaye mshipa wa damu ulimpasukia kichwani akiwa nyumbani badala ya ghalani. Angeanguka na boksi mkononi, leo angekuwa huru.

Sasa niseme lile ambalo wengi hawatalipenda, hasa ndugu zangu watumishi wa umma walioko Dodoma. Ni rahisi kumlaumu mkoloni wa zamani. Mimi nimefanya hivyo kwa aya nzima kadhaa na nimejisikia vizuri. Lakini hebu tuulize ni nani aliyeketi na Uingereza kuzungumzia jambo hili kwa niaba ya Watanzania. Pensheni ya uzee ya Uingereza hulipwa hapa, ila kiwango chake huganda: unachoanza nacho ndicho utakachofa nacho, hata kama wenzako walioko kule wanaongezewa kila mwaka. Anayeishi Mauritius au Jamaica huongezewa. Anayeishi Tanzania haongezewi. Annette Carson, mstaafu aliyehamia Afrika Kusini, na wenzake walilipeleka suala hilo hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 walishindwa. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa hiyo hiyo: nyongeza ya nje hufuata mikataba ya nchi na nchi, na nchi haiwezi kulazimishwa kumtendea asiye na mkataba kama mwenye mkataba.

Mauritius ni kisiwa kidogo, lakini kilikaa mezani. Najua kwamba mikataba ya namna hiyo kwa kawaida hugusa pensheni za uzee na za wajane, na haigusi malipo kama PIP. Ndiyo maana nasema inapaswa kuandikwa upya, na kwetu inapaswa kuandikwa kwa mara ya kwanza. Tunapowasikiliza viongozi wetu wakizungumza na Watanzania wa ughaibuni, wanazungumza na mtu mwenye afya: alete mitaji, anunue kiwanja, atume fedha nyumbani. Hotuba ya kumwelekea aliyevunjika mgongo huko sijaisikia. Diaspora yetu katika nyaraka ina mikono miwili na miguu miwili, na haizeeki.

Kisha tujitazame wenyewe. Sisi wa mwambao wa Tanganyika tuna kumbukumbu ya jambo hili kabla ya mjomba kuzaliwa katika hoja. Meli za ziwa letu, Liemba ikiwamo, ziliendeshwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na watumishi waliokuwa wamechangia mfuko mmoja wakajikuta wana nchi tatu zinazotazamana. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, na kila nchi ikachukua jukumu la pensheni za raia wake. Hata hivyo wazee wa Jumuiya walidai, waliandamana na kwenda mahakamani hata baada ya mwaka 2000, na wengi walikufa madai yakiwa mezani. Kama kuna taifa linalopaswa kujua maana ya haki iliyochangiwa kuishia mpakani, ni hili letu.

Je, tumejifunza? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii sawa na wenyeji, na inaliagiza Baraza la Mawaziri litoe kanuni za kutekeleza hilo. Miaka imepita zaidi ya 10, na mfanyakazi wa kawaida anayevuka Manyovu au Kabanga bado anaacha michango yake upande mmoja. Jirani zetu walijaribu mapema: Burundi, Rwanda na Zaire, chini ya jumuiya yao ya Maziwa Makuu, waliandikiana mkataba wa hifadhi ya jamii mwaka 1978. Utekelezaji wake uliumizwa na vita, lakini waliandika. Sisi tulikuwa ng'ambo ya maji yaleyale.

Na kuna la aibu zaidi. Kila msimu, vibarua kutoka Burundi hulima mashamba ya watu wetu Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Nimewaona, nawe umewaona. Wengi hawana mkataba wala jina katika daftari lolote. Kibarua akikatwa na panga au akiangukiwa na mti, hupewa nauli, na pengine huruma, akarudi kwao akiwa mlemavu. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na sheria hiyo humpa pensheni ya kila mwezi mfanyakazi ambaye ulemavu wake wa kudumu umepita asilimia 30. Tuna pia Mkataba Namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1925, ambao Tanzania na Burundi zote zimeuridhia; unataka mfanyakazi wa kigeni aliyeumia kazini afidiwe sawa na raia, bila sharti la mahali anapoishi. Bila sharti la mahali anapoishi! Maneno tunayoyalilia London tumekwisha kuyaahidi sisi wenyewe kwa Mrundi, na yamelala kabatini kwa sababu mwajiri wake hakumsajili na hakuna aliyemuuliza mwajiri.

Mtu atasema nachanganya mambo: huyu ni kibarua asiye na karatasi, yule ni mkaazi halali aliyelipa kodi. Tofauti ipo katika karatasi, si katika mguu. Na serikali isiyomfuata Mrundi hadi Makamba na fidia yake itakwenda London na uso gani kumdai Mwingereza amfuate mjomba hadi Simbo?

Ninachodai basi kina pande mbili, na sikubali kimoja kitumike kuahirisha kingine. Wizara inayoshughulikia kazi na walemavu, pamoja na ile ya mambo ya nje, zifungue mazungumzo na Uingereza kuhusu hifadhi ya jamii, na malipo ya ulemavu yawemo tangu rasimu ya kwanza, angalau kwa wale ambao ulemavu wao ni wa kudumu na hauna haja ya kupimwa kila mwaka. Hofu ya udanganyifu, kwamba mtu atakufa na ndugu waendelee kula, ina dawa inayojulikana: mifuko yetu wenyewe imeanza kuhakiki wastaafu kwa simu. Wakati huohuo Tanzania isukume kanuni za Ibara ya 10 zitoke, na mwajiri wa kibarua wa msimu katika mkoa huu alazimishwe kumwandikisha kabla ya jembe la kwanza. Wanafunzi wangu wa sheria wanaotafuta mada ya tasnifu wasiende mbali.

Juzi nilimuuliza mjomba kwa nini asikae tu, akaacha hizo fedha zikome. Alinitazama kwa muda kabla ya kujibu. Akasema kwamba mama yangu amezeeka, na kwamba siku atakaposhindwa kumwinua, kijana wa kumwinua atahitaji mshahara, na mshahara huo hawezi kuuomba kwa mpwa wake kila mwisho wa mwezi. "Nimefanya kazi," alisema. "Sitaki kulelewa."

Tiketi yake ni ya Jumanne ijayo. Mama ameanza kukausha dagaa wa kumfungia, na amemwagiza kijana asikiondoe kile kitanda cha sebuleni.